Kipimo cha ngozi cha TB: Kinachomtisha mhudumu wa afya na kinachopaswa kuulizwa

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MHUDUMU wa afya anayeshinda wodini anapoona mkono wake umevimba siku mbili baada ya kuchomwa sindano ya kipimo cha kifua kikuu, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba tayari ameugua. La pili ni watoto aliowaacha nyumbani.

Mara nyingi mawazo yote mawili hayana msingi. Uvimbe ule hausemi kwamba mtu ana ugonjwa wa kifua kikuu, au TB kama wengi wanavyouita. Mtu mwenye uvimbe huo peke yake, asiye na dalili wala ugonjwa mapafuni, hawezi kumwambukiza mtoto wake wala mgonjwa wake. Kinachosemwa na uvimbe ni kidogo kuliko hofu inavyodai, ingawa kwa baadhi ya watu kidogo hicho kina uzito mkubwa.

Ni sehemu chache nchini ambako suala hili linagusa watu wengi kama mkoani Kilimanjaro. Kwenye miteremko ya magharibi ya mlima, karibu na Sanya Juu wilayani Siha, ipo Hospitali ya Kibong'oto iliyoanzishwa mwaka 1926, enzi ambazo tiba ya kifua kikuu ilikuwa hewa safi ya milimani, chakula na mapumziko. Ni hapo ambapo Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, kabla ya huduma hiyo kusambazwa mikoa mingine, na leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi.

Mjini Moshi ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi. Juu kidogo ya mji ipo KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inayopokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Kaskazini. Mlimani zimetapakaa hospitali za makanisa: Machame, Kibosho, Kilema, Huruma ya Rombo. Wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara, wafanya usafi na wanafunzi wa hospitali hizo hukutana na watu wanaokohoa kila siku, baadhi yao wachimbaji wa Mirerani ambao vumbi la mawe limekwisha kuyaharibu mapafu yao na kuyafanya rahisi kushikwa na TB.

Sindano na rula

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyetangaza ugunduzi wa vimelea vya kifua kikuu Machi 24, 1882, alitengeneza tuberkulini mwaka 1890 akiamini kwamba amepata dawa. Haikuponya mtu. Ilichukua miaka mingine kabla ya Clemens von Pirquet, mwaka 1907, na Charles Mantoux, mwaka 1908, kuonyesha kwamba dawa iliyoshindwa ilifaa kuwa kipimo. Koch mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika nchi hii wakati wa ukoloni wa Kijerumani, akifuatilia malaria, tauni na malale.

Mpimaji huingiza mililita 0.1 ya tuberkulini, yaani protini zilizochujwa kutoka katika vimelea, ndani ya ngozi ya upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja. Ikichomwa sawasawa hutokea kipele cheupe kinachopotea baada ya muda mfupi. Hamna kimelea hai ndani yake, hivyo sindano haiwezi kumwambukiza mtu.

Majibu husomwa kati ya saa 48 na 72 baadaye. Msomaji hapimi wekundu. Hupapasa kwa kidole akitafuta kingo za uvimbe mgumu, wengine wakisaidiwa na kalamu ya wino inayosukumwa taratibu juu ya ngozi mpaka ikwame ukingoni, kisha hupima kwa rula upana unaokatiza mkono na kuandika idadi ya milimita. Wekundu mpana usio na ugumu wowote ni sifuri. Makosa mengi hutokea hapa, na si ajabu kwamba muuguzi anayejisomea mwenyewe usiku, kwa mwanga hafifu na moyo ukimdunda, huongeza milimita ambazo hazipo.

Milimita hizo hazina maana moja kwa watu wote. Kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi (VVU), au aliyekaa karibu na mgonjwa wa TB, milimita 5 zinatosha kuhesabiwa kuwa chanya. Kwa wahudumu wa afya, na kwa watu wa nchi zenye TB nyingi, mpaka unaotumika sana ni milimita 10. Kwa mtu asiye na sababu yoyote ya kuambukizwa hutumika 15.

Lini?

Mwili uliowahi kuingiwa na vimelea vya TB huvikumbuka. Chembechembe za kinga zikikutana na tuberkulini hukimbilia pale penye sindano, na ngozi inakuwa ngumu. Kwa hiyo kipimo huonyesha kumbukumbu ya mwili, na kumbukumbu haina tarehe: inaweza kuwa ya wiki kumi zilizopita au ya utotoni, nyumbani kwa babu aliyekuwa akikohoa.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya watu wawili wanaoweza kusimama wodi moja. Mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Ulaya au Marekani kuja Moshi kwa mafunzo ya miezi michache, akiwa na kipimo hasi alipoondoka kwao na chanya aliporudi, karibu kwa hakika ameambukizwa majuzi. Muuguzi aliyezaliwa Uru, akasomea Moshi na kufanya kazi miaka 15, akipimwa kwa mara ya kwanza na kukutwa na milimita 14, hawezi kujua aliambukizwa lini. Uvimbe unafanana. Hatari ya mbele yao haifanani.

Kwa watu wenye kinga nzuri, kati ya asilimia 5 na 10 ya walioambukizwa ndio huja kuugua katika maisha yao yote, na sehemu kubwa ya hao huugua ndani ya miaka miwili mpaka mitano ya mwanzo. Anayevuka kipindi hicho akiwa mzima hatari yake hushuka sana, bila kufika sifuri. Wanasayansi wanakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 kuhusu wahudumu wa afya wa nchi za kipato cha chini na cha kati yalikuta wastani wa asilimia 54 wakiwa na maambukizi fiche. Katika hospitali za namna hiyo, anayekutwa chanya yuko upande wa wengi.

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui, na linawafariji wenyeji kuliko wageni. Johannes Heimbeck, daktari wa hospitali ya Ullevål mjini Oslo, Norway, alianza mwaka 1924 kuwapima ngozi wanafunzi wa uuguzi walipoingia chuoni. Waliougua kifua kikuu kwa wingi wakati wa mafunzo ni wale walioingia wakiwa hasi. Walioingia wakiwa chanya waliugua kwa nadra. Mapitio ya mwaka 2012 ya tafiti za aina hiyo, nyingi za kabla ya dawa za TB kupatikana, yalikadiria kwamba mtu mwenye maambukizi ya zamani, akikutana tena na vimelea, ana hatari ndogo ya kuugua kwa asilimia 79 kuliko asiyewahi kuambukizwa.

Haimaanishi kwamba muuguzi wa Uru aache barakoa. Maana yake ni kwamba chanya ya zamani si bomu linalosubiri siku yake, kama inavyodhaniwa vijiweni.

Kisingizio cha BCG

Wengi wakikutwa chanya hujibu haraka: ni chanjo. BCG, iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921 baada ya kazi ya Albert Calmette na Camille Guérin, hupewa watoto wachanga nchini, na kovu lake liko kwenye mabega ya Watanzania walio wengi. Ni kweli kwamba inaweza kuugeuza kipimo cha ngozi kuwa chanya, kwa sababu kimelea chake ni ndugu wa kile cha TB.

Hata hivyo, chanjo inayotolewa mara baada ya kuzaliwa hupoteza athari hiyo kadiri miaka inavyopita. Kwa mtu wa miaka 30 aliyechanjwa akiwa mchanga, BCG ni maelezo dhaifu ya milimita 14. Vimelea vingine vya jamii hiyo vinavyoishi kwenye udongo na maji navyo vinaweza kukichanganya kipimo, lakini si kwa kiwango cha kumfanya mhudumu wa afya alipuuze jibu lake.

Kipo kipimo cha damu ambacho hakidanganywi na BCG. Hutazama jinsi chembechembe za kinga zinavyoitikia protini za kimelea cha TB ambazo kile cha chanjo hakina. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha pia vipimo vipya vya ngozi vinavyotumia protini hizo hizo. Navyo, kama tuberkulini, haviwezi kusema mtu ameambukizwa lini, wala kama anaumwa sasa.

Kuna mtego mwingine unaowapata hasa wanaopimwa mara mbili. Kumbukumbu ya mwili ikichakaa, kipimo cha kwanza kinaweza kuwa hasi huku kikiiamsha kinga, na cha pili kikawa chanya, ingawa katikati hakuna maambukizi yoyote mapya. Ndiyo maana anayetarajiwa kupimwa tena na tena kazini hupimwa mara mbili mwanzoni, kwa nafasi ya wiki moja hadi tatu, ili chanya ya zamani isije ikasomwa kama ya jana.

Hasi nayo si ya kushangilia bila kufikiri. Aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita anaweza bado kuwa hasi, kwa kuwa mwili huhitaji wiki mbili hadi nane kujenga itikio. Mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka anaweza kuwa hasi akiwa na TB kamili mapafuni.

Baada ya chanya

Swali la kwanza baada ya uvimbe ni kama mtu anaumwa sasa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi usiku, kupungua uzito bila sababu: mwenye mojawapo hupaswa kupima makohozi, siku hizi kwa mashine za kutambua vinasaba ambazo WHO ilianza kuzipendekeza mwaka 2010, na ambazo hueleza pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Asiye na dalili hupigwa picha ya eksirei ya kifua. Ikiwa safi, ana maambukizi fiche. Anaendelea na kazi, anakula na familia yake sahani moja, ananyonyesha.

Kurudia kipimo cha ngozi baada ya hapo hakuna faida. Wala hakuna sababu ya kupiga eksirei kila mwaka kwa mtu asiye na dalili. Kinachotakiwa ni kuzifahamu dalili na kutokuzifanyia mzaha, jambo ambalo wahudumu wa afya, kwa mazoea yao ya kujitibu wenyewe kwa dawa za kikohozi, si hodari nalo.

Dawa za kinga zipo. Ya zamani ni isoniazidi kila siku kwa miezi sita au zaidi. Mpya ni rifapentini pamoja na isoniazidi, mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hazianzwi kabla ya kuthibitisha kwamba mtu haumwi TB, kwa kuwa dozi ya kinga kwa mgonjwa kamili ni njia ya kutengeneza usugu. Kwa waliokaa karibu na mgonjwa wa TB sugu, kundi linalowahusu watumishi wa Kibong'oto kuliko wengine, WHO ilipendekeza mwaka 2024 levofloksasini kwa miezi sita.

Isoniazidi inaweza kuumiza ini na mishipa ya fahamu; vitamini B6 hutolewa kuilinda mishipa. Pombe huongeza hatari kwa ini, na mbege ni pombe, hata kama mlimani huhesabiwa kuwa chakula. Anayetumia dawa hizi na kuona macho ya manjano, kichefuchefu kisichokoma au mkojo mweusi anapaswa kuziacha na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Rifapentini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara, lakini pia hudhoofisha vidonge na sindano za uzazi wa mpango, na hilo wauguzi wengi vijana wangependa kulijua mapema.

Je, kila mhudumu aliye chanya ameze? Hapa wataalamu hawana jibu moja. WHO inasema wahudumu wa afya ni miongoni mwa makundi ambayo nchi zinaweza kuyafikiria. Haisemi ni lazima. Mwenye VVU anapewa dawa za kinga bila hata kusubiri kipimo cha ngozi. Aliyegeuka kutoka hasi kwenda chanya karibuni ana sababu nzito ya kumeza. Kwa muuguzi mzima wa afya, mwenye chanya isiyo na tarehe, anayerudi kesho kwenye wodi ile ile, faida ni finyu. Jaribio kubwa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2014, lilionyesha kwamba kinga ya isoniazidi iliisha mara baada ya dawa kusimama, na TB migodini haikupungua.

Kwa mantiki hiyo, chanya nyingi katika hospitali moja zinapaswa kuulizwa kwa uongozi wa hospitali kuliko kwa mwenye mkono uliovimba.

Foleni na madirisha

Wodi ya TB si lazima iwe mahali pa hatari kuliko pengine. Mgonjwa aliyegundulika na kuanza dawa zinazomfaa hupungua uambukizi wake haraka. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajagundulika: aliyekaa saa nne kwenye benchi la wagonjwa wa nje, aliyelazwa wodi ya kawaida kwa homa ya mapafu, anayekohoa akisubiri dawa dirishani.

Vimelea husafiri hewani na kubaki humo kwa saa kadhaa katika chumba kilichofungwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba majengo ya zamani yenye dari za juu na madirisha makubwa, yakiachwa wazi, yalibadilisha hewa kuliko vyumba vya kisasa, hata vile vyenye mitambo ya hewa. Tatizo la Kilimanjaro linaeleweka na yeyote aliyewahi kulala Machame mwezi Julai: baridi inapoingia, wagonjwa huomba madirisha yafungwe, na wauguzi, kwa huruma, huyafunga.

Barakoa za kawaida za upasuaji zinafaa kwa mgonjwa, zikizuia matone yake. Anayemhudumia huhitaji barakoa ya aina ya N95 iliyobana uso vizuri. Kumtenga anayekohoa mara afikapo mlangoni ni kazi ya dakika mbili isiyo na gharama, na katika vituo vingi ndiyo inayosahaulika.

Nchi yenyewe imepiga hatua. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo, ulikuwa mfano ambao WHO iliutumia miaka ya 1990 kueneza tiba ya kusimamiwa duniani kote. Makadirio ya WHO yanaonyesha wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000 nchini wameshuka kutoka 306 mwaka 2015 hadi 183 mwaka 2023. Bado Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB.

Anayeugua TB kutokana na kazi ana sheria za kumtetea Tanzania Bara: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kukusanya michango mwaka 2015. Lakini fidia hulipwa kwa ugonjwa, na maambukizi fiche si ugonjwa. Mwenye chanya leo akiugua baada ya miaka mitatu atahitaji kuonyesha alikuwa na hali gani alipoanza kazi, na hilo haliwezekani kama hakupimwa wala kuandikiwa chochote. Wengi hunyamaza kwa kuogopa maneno, kwa kuwa mtaani TB na VVU husemwa kwa pumzi moja.

Kwa Watanzania wengi wa fani hii kipimo huja wanapoomba kwenda kufanya kazi au kusoma nje. Marekani huwapima damu wanaoomba uhamiaji, na tangu mwaka 2019 mamlaka za afya za huko zilipendekeza kuachana na desturi ya kuwapima wahudumu wote kila mwaka. Uingereza hutaka eksirei ya kifua kabla ya viza ya muda mrefu. Chanya isiyo na ugonjwa kwa kawaida haimzuii mtu kuajiriwa. Huongeza miadi na maswali.

Anayejiandaa kwa safari hiyo anashauriwa kubeba karatasi inayoonyesha tarehe ya sindano, tarehe ya kusomwa, milimita, jina na cheo cha aliyesoma, majibu ya eksirei na dawa za kinga alizomeza, kama zipo. Karatasi iliyoandikwa "chanya" bila milimita humrudisha kwenye sindano upya.